Safari ya siku moja Kilimanjaro wakati wa kipupwe: nguo za kabatini, mitumba, za kukodi au mpya?

Kati ya Juni na Agosti, kipupwe kinapotawala, watu wengi wa Moshi, Arusha na hata Dar es Salaam hupanga kuupanda Kilimanjaro kwa siku moja. Wengi huanzia lango la Marangu, hupita msituni hadi kituo cha Mandara, huchungulia kreta ya Maundi iliyo karibu nacho, kisha hurudi kabla giza halijaingia. Wengine huchukua gari hadi uwanda wa Shira upande wa magharibi na kutembea huko saa chache. Hawa wote hawaendi kileleni, hivyo hawahitaji vifaa vya wale wanaokesha wakipanda kwenda Uhuru. Hata hivyo, wengi huingia mlimani wakiwa wamevaa kama waendao sokoni, na wachache hubeba koti zito lisilowasaidia kitu. Makala haya yanalinganisha njia nne za kujipatia mavazi ya safari hiyo, kwa ajili ya yule aliyekwama katikati yake.

Vigezo vya kupimia

Kigezo cha kwanza, na kwangu ndicho kikubwa kuliko vyote, ni namna nguo inavyofanya kazi ikilowa. Moshi mjini uko kwenye mita 800 na ushei, lango la Marangu liko karibu mita 1,900, na Mandara ni mita 2,720. Kwa kawaida joto hushuka takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo asubuhi ambayo Moshi ina nyuzi 17, Mandara inaweza kuwa na nyuzi 5 au 6. Baridi hiyo peke yake haimtishi mtu aliye mkavu anayetembea. Tatizo ni kwamba njia yote ya kilomita 8 hivi hupita katika msitu wa mvua, na jua la asubuhi linapoipasha miteremko, hewa yenye unyevu hupanda na kugeuka ukungu na manyunyu katika ukanda huo huo. Ongeza jasho la kupanda, nawe utakuwa umelowa kutoka ndani na kutoka nje kwa wakati mmoja. Maji hunyonya joto la mwili zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia, na joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 mtu hutetemeka, hujikwaa na kusema maneno yasiyoeleweka. Hali hiyo haihitaji theluji. Mvua na upepo vinatosha kuileta.

Kigezo cha pili ni kusimama. Ukiwa unatembea, mwili ni jiko. Ukikaa kula chakula cha mchana kwa nusu saa, jiko limezimwa, na nguo zilizokufaa njiani hazikufai tena. Kigezo cha tatu ni miguu, kwa sababu njia ina mizizi, mawe yenye ukungu wa kijani na tope, na watu wengi huumia wakati wa kushuka kuliko wakati wa kupanda. Cha mwisho ni gharama na usumbufu wa kupata vitu hivyo.

Njia zote nne zinapimwa kwa mpango mmoja wa tabaka tatu: nguo ya kugusa ngozi inayosafirisha jasho, nguo ya kati inayotunza joto, na nguo ya nje inayozuia upepo na mvua. Faida ya tabaka ni kwamba unavua na kuvaa kadiri mwili unavyobadilika. Koti moja nene halikupi nafasi hiyo. Ama unalivaa na kulowa jasho, ama unalivua na kupigwa na baridi.

Nguo zilizomo kabatini

Jasho na mvua. Hapa ndipo kabati linapotofautiana na lenyewe. Pamba, ambayo ndiyo nguo yetu ya kila siku na inayofaa sana katika joto la pwani, hunywa maji kwa wingi na hukauka polepole mno. Jinzi ikilowa huwa nzito, hung'ang'ania mapaja, na haikauki tena siku hiyo. Lakini kabati hilo hilo mara nyingi lina kitu bora ambacho mwenyewe hakithamini, nacho ni jezi ya mpira. Jezi nyingi hutengenezwa kwa polista, uzi ambao haunywi maji takriban kabisa, kwa hiyo jasho husambaa juu yake na kukauka. Jezi ya Simba au ya Yanga, ikiwa ya mikono mirefu au ikavaliwa mbili kwa pamoja, ni tabaka la ndani zuri kabisa. Suruali ya traksuti ni bora kuliko jinzi kwa sababu hiyo hiyo, na masweta mengi ya shule hufumwa kwa akriliki, ambayo ikilowa bado hutunza joto kiasi.

Julai moja nilipanda na mpwa wangu, kijana wa chuo mwenye nguvu kunizidi, akiwa amevaa jinzi na hudi nzito ya pamba. Mvua haikuwa kubwa. Yalikuwa manyunyu tu yasiyokoma. Tulipofika Mandara nilimpa chupa ya chai aimimine, akaigeuza mkononi mara tatu bila kuifungua. Vidole vyake havikuwa vikikunjika. Nilipomshikia kikombe, kilikuwa kikigonga meno yake. Tulipoivua hudi na kuikamua, maji yalitiririka kama yanayotoka kwenye tambara la kudekia. Nilimvalisha jezi kavu na sweta langu la flisi, kile kitambaa chenye manyoya mafupi laini, nikamfunga mzula, na ilichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia kabla hajaanza kuzungumza vizuri. Tangu siku ile sipandi na mtu bila kumwomba anioneshe kwanza alichovaa ndani.

Kusimama. Sweta moja la akriliki chini ya koti la mvua linatosha Mandara, mradi sweta hilo limebaki mkobani likiwa kavu hadi wakati wa kukaa. Kwa Shira, halitoshi.

Miguu. Raba zenye meno chini zinaweza kukufikisha Mandara siku kavu. Raba bapa za kutembelea mjini huteleza kwenye mizizi, na soli yake laini hukuchosha nyayo wakati wa kushuka.

Gharama na usumbufu. Hakuna gharama, isipokuwa koti la mvua ambalo wengi hawana. Msituni hata mwavuli husaidia kwa kuwa upepo ni mdogo chini ya miti, ingawa unakula mkono mmoja unaouhitaji kwenye utelezi.

Humfaa nani. Anayekwenda mara moja, anayeishia Mandara, na aliye tayari kuchambua kabati lake kwa ukali bila kuihurumia jinzi.

Mitumba

Jasho na mvua. Kwa maoni yangu hakuna sehemu yenye thamani kubwa kwa pesa ndogo kuliko Soko la Memorial pale Moshi, au Karume kwa wanaotoka Dar es Salaam, mradi mtu ajue anachokitafuta. Marobota yanayotoka nchi zenye majira ya baridi yana masweta ya flisi. Yana sufu halisi. Na yana makoti ya mvua yaliyotengenezwa kwa ajili ya milima hasa. Sufu ina sifa ya pekee: inaweza kunywa unyevu wa karibu theluthi moja ya uzito wake kabla hujahisi kuwa imelowa, na hata ikilowa haikugeuki kama pamba.

Soma lebo ya ndani, na usidanganywe na lugha. "Cotton" na "Coton" ni pamba. "Baumwolle" ya Kijerumani nayo ni pamba, ingawa ndani yake mna neno "Wolle" ambalo ni sufu. Nimewaona wauzaji wakiisifia kwa moyo safi kabisa kuwa ni sufu. "Daunen" na "Down" ni manyoya ya bata au bukini. Koti la manyoya hayo ni jepesi na lina joto kubwa likiwa kavu, lakini likilowa manyoya hugandamana na joto lote hupotea, hivyo msituni ni la kubeba ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Koti la mvua la mitumba linahitaji macho zaidi. Ligeuze ndani nje. Kama kuna utando unaobabuka kama ngozi ya kitunguu, au ukanda wa gundi uliofunika mishono unaning'inia, maji yatapita hapo, na si rahisi kwa fundi kulirudisha katika hali yake. Kisha weka kitambaa mdomoni na upulize kwa nguvu. Pumzi ikitokea upande wa pili kwa urahisi, hicho si kizuizi cha mvua. Mwisho, mwagia matone machache ya maji. Yakibaki kama shanga, koti ni zima. Yakitanda na kuacha doa jeusi, kitambaa cha nje kimechoka, lakini utando ukiwa mzima bado litakusitiri kwa saa chache.

Kusimama. Flisi mbili nyembamba huzidi moja nene, kwa sababu unaweza kutembea na moja na kuongeza ya pili unapokaa.

Miguu. Buti la mitumba ni bahati nasibu. Soli nyingi za buti za mlima zina safu ya povu ambayo huoza polepole kwa unyevu wa hewa, hata buti lenyewe likiwa halijavaliwa, kwa hiyo buti linaloonekana jipya kabisa linaweza kuwa limekaa stoo ya mtu kwa miaka mingi na kuachia soli siku ya kwanza ya kazi. Nimeshuhudia soli nzima ikibaki kwenye tope chini ya Mandara, na mwenzetu akashuka akiwa ameifunga kwa kipande cha kanga. Likunje buti kwa nguvu mbele ya muuzaji na bonyeza ukingo wa soli kwa ukucha. Likitoa ungaunga au mpasuko mwembamba, liache.

Gharama na usumbufu. Bei ni ya kuelewana, lakini unalipa kwa muda. Huwezi kwenda sokoni jioni ya kuamkia safari na kutarajia kupata saizi yako.

Humfaa nani. Mtu mwenye wiki mbili au tatu za kujiandaa, anayependa kuchambua, na anayedhani atapanda tena.

Kukodi

Jasho na mvua. Moshi na Arusha kuna maduka mengi ya kukodisha vifaa vya mlima, na vingi viliachwa na wageni waliomaliza kupanda. Koti na suruali za mvua huwa nzuri, ila zimepigwa na kufuliwa mara nyingi, kwa hiyo jaribio la matone ya maji ni la lazima hapa kama sokoni. Tabaka la ndani usilikodi, vaa lako.

Kusimama. Tatizo la maduka haya ni kwamba yamejipanga kwa ajili ya kilele. Ukisema tu kwamba unapanda mlima, unaweza kupewa koti kubwa la usiku wa Uhuru, ambalo msituni litakuchemsha na mkobani litajaza nafasi yote. Sema wazi kwamba unakwenda Mandara na kurudi, au Shira na kurudi, nawe uombe flisi na koti jepesi.

Miguu. Sishauri kukodi buti kwa anayeweza kuepuka. Buti lililozoea mguu wa mtu mwingine hukuchubua kisigino kabla ya nusu ya njia. Ukilazimika, nenda na soksi zako nene, livae dukani kwa robo saa, na ushuke ngazi nalo: vidole vikigonga mbele, ni dogo. Vifaa ambavyo nasisitiza vikodiwe ni fimbo za kutembelea, tochi ya kichwani na vile vifuniko vya miguu vya kuzuia tope lisiingie kwenye viatu. Fimbo mbili hupunguza mzigo wa magoti wakati wa kushuka, na ni vitu ambavyo watu wachache wana sababu ya kuvinunua.

Gharama na usumbufu. Unalipa kwa siku na mara nyingi unaacha amana. Vichukue jana yake mapema, ujaribu kila zipu na kila kifungo ukiwa bado na muda wa kubadilisha.

Humfaa nani. Mgeni aliyefika na begi dogo, au mwenyeji ambaye safari yake imepangwa ghafla.

Vitu vipya, na makoti ya ughaibuni

Jasho na mvua. Koti jipya la mvua la mlima, lenye utando wa kutoa jasho na zipu za makwapani, ndilo bora kuliko yote haya, na sina sababu ya kulikanusha hilo. Lakini kwa safari ya siku moja, tofauti yake na la mitumba lililo zima si kubwa kama tofauti ya bei zake.

Neno moja kwa ndugu zetu wanaokuja likizo Julai na Agosti kutoka Ulaya na Marekani. Koti lenu la majira ya baridi limetengenezwa kwa mtu anayesimama kituo cha basi. Ni zito na halitoi jasho kwa urahisi. Mlichonacho chenye thamani zaidi ni kile mnachovaa chini yake: fulana nyembamba za sufu, soksi za sufu na glovu. Hizo zileteni, koti liacheni.

Kusimama. Koti jepesi la sintetiki linalojikunja kuwa dogo kama mkate ni raha kubwa wakati wa chakula.

Miguu. Buti jipya lazima livaliwe wiki kadhaa kabla, kazini na matembezini, hadi likubali mguu.

Gharama na usumbufu. Ni ghali, na aina nyingi hazipatikani kila mahali nchini.

Humfaa nani. Anayepanda mara kwa mara, au mwenye mguu mgumu kupatia saizi.

Mkoba usiobadilika

Njia yoyote uliyochagua, mkoba ni ule ule. Beba maji lita 2 hadi 3 kwenye chupa za kutumika tena, kwa maana chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi mlimani. Beba chupa ya chai ya tangawizi yenye sukari ya kutosha. Katika baridi, chai hiyo ni kifaa cha usalama. Chakula kiwe cha kuliwa kwa mkono uliokufa ganzi: mayai ya kuchemsha, chapati zilizokunjwa, ndizi mbivu, karanga. Ongeza mzula, glovu, soksi kavu, jezi ya akiba, tochi, plasta, dawa ya maumivu, karatasi za msalani na mfuko wa kurudishia taka. Krimu ya jua na kofia yenye ukingo ni vya lazima kwa Shira, ambako jua huunguza hata hewa ikiwa baridi.

Nguo za akiba zisibaki wazi mkobani. Rambo zimepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo tafuta mfuko wa turubai jepesi unaokunjwa mdomo. Maduka ya kukodi huwa nayo. Poncho pana inayofunika mtu na mkoba wake kwa pamoja ni mbadala mzuri msituni, ingawa uwandani upepo utaipeperusha.

Kuchagua kulingana na hali yako

Ukienda Mandara kwa mara ya kwanza na bajeti ni ndogo, changanya njia: jezi na traksuti za kabatini, flisi moja ya mitumba, fimbo na koti la mvua la kukodi. Mchanganyiko huu ndio ninaowapa watu wengi, na haujaniangusha.

Ukienda Shira, zaidi ya mita 3,500, hali ni nyingine. Hakuna miti ya kukukinga, upepo hupiga moja kwa moja, na asubuhi za kipupwe unaweza kukuta sakitu imeganda kwenye majani. Huko manyoya ya bata yana nafasi yake kwa kuwa mvua ni chache, na koti la kuzuia upepo ni muhimu kuliko la mvua. Gari pia hukupandisha haraka kuliko mwili unavyozoea. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikianza, shukeni, kwa sababu hakuna nguo inayotibu upungufu wa hewa.

Ukipanda na watoto, chagua mitumba, kwani wanakua na ukubwa wao ni mgumu kuupata kwa kukodi. Mbebee kila mtoto seti nzima ya kubadilisha, na usimsubiri alalamike. Mshike vidole kila mnapopumzika.

Kwa mama au dada anayevaa sketi ndefu au baibui, traksuti ya ndani na sketi inayoishia juu ya kifundo cha mguu hutembea vizuri zaidi kuliko ndefu inayofagia tope, na mtandio wa kitambaa cha kunyumbuka cha sintetiki hukauka upesi kuliko wa pamba. Kanga ibaki mkobani. Ina kazi mia moja, lakini kuvaliwa kwenye mvua si mojawapo.

Na kama safari ni kesho na huna lolote kati ya haya, nenda dukani kukodi koti la mvua na fimbo, vaa jezi mbili, weka sweta la akriliki mkobani, na mwambie mwongozaji wako langoni kwamba mvua kubwa ikianza kabla ya nusu ya njia mtageuka. Muanze kutembea kabla ya saa tatu asubuhi, wakati msitu bado haujafunikwa na ukungu, ili saa nane mchana muwe mmeanza kushuka. Jua huzama mnamo saa kumi na mbili na nusu jioni, na chini ya miti ile giza hutangulia kuingia.